Vioja vya Kila Siku na Yale Machache Vinayotufundisha

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuandikie vioja vilivyowapata nyumbani, kazini au njiani, vile ambavyo siku ya tukio viliwaudhi na baada ya muda vikawachekesha, na kila mmoja aongeze swali ambalo angependa tulijadili. Barua zilizotufikia ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, na karibu zote zinaishia kwenye swali lile lile: je, kuna somo gani hapa? Msimamo wa safu hii ni kwamba kioja kidogo huwa na somo dogo, na wengi wetu hulikosa kwa sababu tunalitafuta lililo kubwa. Mtu akimwaga chai sebuleni, mara huanza kuhubiri juu ya subira na majaaliwa, ilhali kilichoimwaga chai ni kikombe kilichowekwa ukingoni mwa meza. Majibu yafuatayo, kwa hiyo, hayatapanda mimbari. Barua zimefupishwa, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Fundi hajalipwa, nami nimeitwa tapeli

*Ndugu Mhariri, nilikusudia kumtumia fundi bomba shilingi 45,000 kwa simu kwa kazi aliyonifanyia jikoni. Nikapindua tarakimu mbili za namba yake, 68 nikaiandika 86, na fedha zikaenda kwa bwana mmoja nisiyemjua aliye mkoa mwingine. Nilimpigia kwa adabu zote, nikamsalimu na kumweleza kwamba nimetuma kwa makosa, naye akanijibu kwamba matapeli wa siku hizi tumezidi kuwa na sauti nzuri, kisha akakata. Nilipopiga tena alimpa simu mkewe, ambaye alinishauri nikatafute kazi ya halali. Fedha zilirudi siku ya pili yake baada ya mtoa huduma kuingilia kati, na yule bwana akanipigia mwenyewe kuniomba radhi huku akicheka. Tangu hapo tunapeana salamu za sikukuu. Mke wangu anasema Mungu alitaka nipate ndugu mpya. Je, somo ni hilo, au ni kwamba nivae miwani? — Msomaji wa Tanga*

Ndugu yetu wa Tanga, bila kumpinga shemeji yetu katika mambo ya Mungu, sisi tumesimama upande wa miwani, ingawa miwani peke yake haitoshi. Kabla hujaingiza namba ya siri, simu ilikuonyesha jina la mpokeaji, na hatuna shaka kwamba ulilitazama. Tatizo ni kwamba mtu aliyekwisha kuamua hutazama bila kusoma: huona herufi zimejipanga pale zinapotakiwa kujipanga, akaridhika kwamba jina lipo, asijiulize ni la nani. Dawa yake ni ndogo mno, nayo ni kulisoma jina hilo kwa sauti kabla ya kubonyeza. Walio karibu nawe watakuona wa ajabu, lakini mdomo hauwezi kutamka Hamisi mahali ambapo fundi anaitwa Selemani bila sikio kushtuka. Zaidi ya hayo, namba ya mtu unayemlipa mara kwa mara ihifadhi kwenye simu, usiiandike kwa kukariri, hasa ukiwa na kichwa ambacho bado kinafikiria bomba linalovuja.

Kuhusu kuitwa tapeli, yule bwana alifanya jambo la busara, na laiti wengine wangekuwa wagumu kama yeye. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, wezi wameimudu lugha yetu ya heshima kuliko wengi wetu. Ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" umezunguka Tanzania kiasi kwamba watu wameugeuza kichekesho. Iko pia hila ya pili, ya kumpigia mtu na kudai kwamba umemtumia fedha kwa bahati mbaya, huku ujumbe wa muamala ukiwa wa kughushi, nayo hutegemea huruma ile ile uliyokuwa ukimwomba. Mpokeaji wako hakuwa na njia ya kukutofautisha na watu hao, kwa kuwa mwizi naye husalimu vizuri. Ndiyo maana katika makosa ya namna hii simu ya kwanza hupigwa kwa mtoa huduma, ambaye ana kumbukumbu ya muamala na anaweza kuzizuia fedha kabla hazijatolewa. Na mtu aliyepokea fedha asizozijua naye afanye vivyo hivyo, badala ya kuzirudisha kwa mkono wake kwenye namba yoyote atakayotajiwa. Wewe ulianza na adabu ukamalizia na mtoa huduma. Safari nyingine geuza mpangilio. Undugu wa sikukuu uendelee, lakini uhesabu kuwa ni nyongeza, isije ikawa sababu ya kukosea tena.

Kunguru na samaki wangu

*Mhariri, nafanya kazi katikati ya jiji la Dar es Salaam, na chakula cha mchana nakula kwa mama lishe chini ya mti. Juzi niligeuka kumwomba pilipili, na nilipoirudia sahani yangu kunguru alikuwa akipaa na nusu ya samaki, mbele ya wenzangu wote wa ofisini. Nimetafakari sana. Kuna ujumbe gani katika jambo hili? — Mwenye njaa, Dar es Salaam*

Hakuna ujumbe wowote. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu asili yao ni India, na waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 kwa matumaini kwamba wangekula taka za mji. Taka walizila, wakala pia mayai na makinda ya ndege wengine, wakavuka na kuenea pwani yetu. Wamekaa na sahani zetu kwa zaidi ya miaka 100, na shingo ya binadamu inapogeuka wanaijua maana yake. Hukuadhibiwa kwa uchoyo wala hukujaribiwa subira. Ulikuwa na samaki asiyefunikwa. Wazee wa pwani walikuwa na kawa, ule mfuniko wa ukili unaowekwa juu ya sinia, na ikiwa mama lishe wako hana kawa, sahani ya pili iliyopinduliwa juu ya ya kwanza itafanya kazi hiyo hiyo. Pole sana, na tunamwomba akuongezee mchuzi.

Kanzu ya waridi siku ya Idi

*Assalaam aleikum. Mwaka huu mwezi ulitangazwa usiku, wakati mimi nilikwisha kujipangia kwamba tutafunga siku ya 30 na kwamba kufua kutakuwa kesho. Kwa haraka niliiloweka kanzu nyeupe ya mume wangu pamoja na khanga yangu mpya nyekundu, kwa kuwa maji yalikuwa ya mgao na sikutaka kumaliza ndoo mbili. Nilipoisuuza kanzu ilikuwa na rangi ya waridi, na khanga yenyewe, kama kunikomoa, imeandikwa "Haraka haraka haina baraka". Niliianika chini ya feni, alfajiri nikaipiga pasi, na mume wangu akaivaa hivyo hivyo kwenda kuswali kwa sababu nyingine zote zilikuwa chafu. Wazee wawili walimuuliza ameinunua wapi. Naomba kujua kama kuna namna ya kuirudisha, na kama khanga ilikuwa inanisema mimi. — Mama wa Pangani*

Waaleikum salaam, dada yetu, na pongezi kwa mumeo, ambaye inaonekana ana moyo mkubwa au hana kioo.

Tuanze na kanzu, kwa kuwa yenyewe bado inaweza kuokolewa. Rangi iliyohama kutoka nguo moja kwenda nyingine hutoka kwa urahisi zaidi nguo ikiwa bado mbichi, na joto huifanya ishike. Kwa hiyo pasi ya alfajiri ndiyo iliyokuharibia zaidi kuliko ndoo. Ifue tena peke yake kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uirudie mara kadhaa, usiianike juani wala usiipige pasi hadi utakaporidhika. Kabla ya kutia dawa ya kung'arisha, soma kipande cha maelezo kilichoshonwa ndani, maana kanzu ya pamba tupu huweza kuivumilia, ilhali yenye mchanganyiko wa poliesta yaweza kugeuka manjano, na nakshi za shingoni zaweza kuharibika vibaya. Ukishindwa, mpeleke mumeo kwa wale wazee wawili awauzie.

Majirani watakuambia kwamba khanga mpya hulowekwa kwenye maji ya chumvi ili isitoe rangi. Ushauri huo ni wa siku nyingi, na unapendwa kwa sababu ni rahisi, lakini chumvi ina kazi yake pale nguo inapotiwa rangi, na ndoo ya nyumbani haiwezi kuimalizia kazi ambayo kiwanda hakikuimaliza. Kilicho cha uhakika ni kuifua khanga mpya peke yake kwa maji baridi mara za mwanzo, na kabla ya kuichanganya na nguo nyingine, kuilowesha ncha yake na kuibana kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka cheupe, endelea.

Ama khanga, haikuwa na habari nawe. Haraka yako ilikuwa na sababu ambayo hakuna tabia njema ingeiondoa: mwezi wa Kiislamu huwa na siku 29 au 30, na aliyepanga kufua siku ya 30 ameweka dau. Kanzu ya Idi ifuliwe tarehe 27, itundikwe, na mwezi utangazwe utakapopenda.

Simu ya usiku kutoka Maskati

*Assalaam aleikum Mhariri. Naishi Maskati, na mama yangu yuko Unguja. Binti yangu wa miaka 11 amezaliwa huku. Kiswahili anakizungumza vizuri, lakini saa anazihesabu kama wanavyozihesabu shuleni kwake. Bibi yake alimwambia ampigie saa nne asubuhi siku ya mapumziko. Mtoto akatega kengele ya simu, akaamka saa kumi alfajiri kwa saa za hapa, akapiga. Kule Unguja ilikuwa saa tisa usiku. Mama yangu hakuipokea simu; alianza kulia kwanza. Kilio kikamwamsha dada yangu, majirani wakagonga mlango kuuliza nani amefariki, na mmoja wao alikwisha kufika na mkeka kwapani. Sasa kila mtu anacheka isipokuwa binti yangu, ambaye ameona haya kiasi kwamba hataki tena kumpigia bibi yake. Nimwambie nini? — Baba wa Maskati*

Waaleikum salaam. Jambo la kwanza la kumwambia ni kwamba hakukosea hesabu. Aliambiwa saa nne asubuhi, na katika saa anazozijua yeye alfajiri ile ilikuwa saa nne kamili. Mtoto wa miaka 11 anayeacha usingizi wa siku ya mapumziko ili asichelewe ahadi ya bibi yake si mtoto wa kuoneshwa kosa, na ni vizuri bibi mwenyewe aambiwe habari ya ile kengele iliyotegwa, kwa kuwa katika vicheko vyote hivyo huenda hakuna aliyeitaja.

Jambo la pili ni kumweleza kwa nini bibi anahesabu hivyo, maana mtoto akijua sababu haoni tena kwamba amechekwa kwa ujinga. Unguja iko karibu na mstari wa Ikweta, na huko jua huchomoza karibu na wakati ule ule mwaka mzima. Tofauti kati ya siku linapowahi na siku linapochelewa haifiki saa moja. Kwa watu wanaoishi mahali pa namna hiyo, kuanza kuhesabu saa jua linapochomoza, na kuanza upya linapozama, ni jambo la akili kabisa. Maskati, iliyo mbali zaidi kaskazini, jua la kiangazi huwahi na la kipupwe huchelewa kwa zaidi ya saa nzima, na mwenye kuhesabu kwa jua angelazimika kuirekebisha saa yake kila mara. Ongeza kwamba Omani iko mbele ya Zanzibar kwa saa moja, na utaona kwamba binti yako alikuwa akivuka mipaka miwili kwa mkupuo mmoja bila mtu kumwonyesha hata mmoja.

Mpe hesabu moja tu ya kukumbuka: saa ya bibi, ongeza saba. Saa nne asubuhi ya Unguja ni saa kumi na moja kwenye simu yake huko Maskati, kabla ya adhuhuri. Ikizidi kumi na mbili aondoe kumi na mbili, kwa mfano bibi akisema saa saba mchana, saba na saba ni kumi na nne, ambayo inabaki mbili. Hesabu hii inafaa mchana na usiku, na mtoto wa umri huo ataifurahia kuliko hotuba yoyote ya kumbembeleza.

Mama yako naye tunamwandikia mstari mmoja, kwa heshima zote: shikamoo mama, simu ya usiku ipokelewe kwanza, kilio kitafuata ikibidi. Tunaelewa inakotoka hofu hiyo. Kwa miaka mingi hakuna aliyepiga simu ya mbali usiku isipokuwa kwa msiba, na ingawa leo wajukuu hupiga kwa sababu tu wameona paka, mwili haujasahau. Na yule jirani wa mkeka asichekwe sana. Mtaa ambao saa tisa usiku mtu anakuja na mkeka kabla hata hajajua nani amekufa ni mtaa wa kuhamia, tena apikiwe chai.

Ili haya ya mtoto iishe, bibi ndiye apige simu ya kwanza, kisha amwachie mjukuu awasimulie majirani mwenyewe jinsi ilivyokuwa upande wa Maskati. Upande huo bado hawajausikia.

Ujumbe uliokwenda kwa kamati ya harusi

*Ndugu Mhariri, mjomba wangu anaoa kwa mara ya pili, na kamati imefungua kundi la WhatsApp la kukusanya michango. Nilitaka kumwandikia dada yangu: "Huyu mjomba anatuchangisha tena, na mimi deni la sare ya harusi ile ya kwanza sijalimaliza." Nikautuma kwenye kundi la kamati. Niliufuta haraka, lakini pakabaki maandishi kwamba ujumbe umefutwa, na watu wakaanza kuuliza nimefuta nini. Baada ya kimya kirefu mjomba mwenyewe akaandika: "Mimi niliusoma." Nifanye nini sasa? Na je, ningeuacha tu? — Mpwa aliyeumbuka, Morogoro*

Mpwa, swali lako la pili ndilo lenye kufundisha, na tutaanza nalo. Uwezo wa kufuta ujumbe kwa watu wote uliletwa na WhatsApp mwaka 2017, mwanzoni ukiwa na muda wa dakika 7 tu, na siku hizi muda huo umezidi siku mbili. Lakini tangu mwanzo hadi leo kufuta huacha tangazo mahali pa ujumbe. Katika kundi la watu wengi tangazo hilo huvuta macho kuliko maneno yenyewe, kwa kuwa maneno yako yangeweza kupita kati ya picha za vitambaa na orodha za ahadi bila kusomwa na nusu ya wanakamati. Ulipofuta uliwaalika wote. Jambo ambalo lingekupunguzia aibu ni kuandika papo hapo chini yake: "Jamani, huu ulikuwa wa dada, nisameheni, na mjomba nisamehe zaidi." Watu hucheka, mazungumzo yanarudi kwenye bei ya ukumbi.

Sasa kwa kuwa umekwisha kufuta, usimjibu mjomba kundini. Nenda kwake, au mpigie ikiwa yuko mbali, umwombe radhi kwa lugha ya mpwa, na mchango wako utangulie. Tunadhani atakusamehe kwa urahisi, maana mtu aliyeudhika kweli hasubiri kimya kirefu ndipo aandike maneno mawili. Huyo alikuwa anapima mahali pa kuyaweka.

Kuna hata hivyo jambo ambalo wewe hukuliuliza. Ulichokiandika kina hoja ndani yake, na tunashuku kwamba baadhi ya waliosoma walikubaliana nawe kimoyomoyo. Ikiwa sare ya harusi iliyopita bado ni deni kwa wanafamilia, basi kikao kijacho cha kamati kijadili kama sare inahitajika, au kama kiwango cha kadi kinaweza kupunguzwa. Hoja hiyo ilikosa kikao na ikakosa lugha. Umbea nao ubaki kwa sauti, dada kwa dada, simu ikiwa sikioni.

Kila kikao lazima nianguke upya

*Ndugu Mhariri, mimi ni Mpare, mke wangu ni Mchaga. Miaka kadhaa iliyopita, katika masika, nilikwenda ukweni Marangu kujitambulisha nikiwa nimevaa suti, na bodaboda iliyonibeba mimi pamoja na kreti ya soda iliteleza kwenye kilima nikaangukia kwenye tope mbele ya geti lao. Nilicheka pamoja nao, na kwa muda mrefu niliendelea kucheka. Lakini shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anakisimulia kisa hiki katika kila kikao, kwenye ubatizo, kwenye Krismasi, hata msibani, na kila mara anaongeza kitu. Safari ya mwisho paliingia nguruwe. Watoto wangu wakaniuliza kama ni kweli nililia. Nikilalamika naambiwa sisi ni watani na sina haki ya kukasirika. Ninyi mnaosema vioja vichekwe, je, sina haki ya kuchoka? — Mwalimu, Same*

Mwalimu, haki hiyo unayo kamili, na utani hauiondoi. Utani wa Wapare na Wachaga unajulikana nchi nzima, kama ulivyo ule wa Wahehe na Wangoni, na ndani ya ukoo uko kati ya babu na wajukuu na kati ya mashemeji. Kwa hiyo wewe umebanwa na utani wa aina mbili kwa wakati mmoja, na tunakupa pole ya ziada. Lakini utani una sheria zake ambazo shemeji yako anazisahau pale zinapomgharimu. Mtani ana ruhusa ya kusema yasiyosemwa kwa sababu naye anasemwa, na kwa sababu msiba ukitokea ni yeye anayeshika jembe, anayekata kuni, anayewachangamsha wafiwa wasizame. Ruhusa hiyo inakwenda pande zote mbili, na imelipiwa kwa kazi. Mtu anayesimulia kila mwaka kisa kile kile cha mtu yule yule, na mwenye kisa hapati zamu, huyo amejipatia burudani ya bure, na hafai kujificha nyuma ya jina la utani.

Kipimo ni chepesi. Kikao kijacho, mara akimaliza, omba nafasi na usimulie kioja chake. Anacho, maana kila mtu anacho, na mkeo, aliyekua naye, bila shaka anavijua kadhaa. Akicheka kama anavyotaka wewe ucheke, basi mko kwenye utani wa kweli na umepata mwenzako. Akinuna, hutahitaji tena kumweleza kitu mbele za watu. Utakuwa na la kumwambia faraghani, mkiwa wawili na kahawa, kwamba kisa hiki sasa kimewafikia watoto na ungependa kipumzike. Mwambie wazi, bila mzaha, kwa sababu mzaha ndio lugha ambayo amekwisha kuzoea kutoisikia.

Watoto wako ni suala jingine, na hilo lisimsubiri shemeji. Wao wamesikia kisa chenye nguruwe na machozi. Hawajasikia chenye sababu. Wasimulie wewe mwenyewe, kwa ukamilifu na kwa madoido ya haki, kwamba udongo mwekundu wa milimani wakati wa masika huteleza kiasi kwamba wenyeji wenyewe huushuka kwa tahadhari, kwamba viatu vya suti vina soli laini, kwamba pikipiki moja ilibeba dereva, mkwe mtarajiwa na soda za ukoo mzima, na kwamba chupa ngapi zilipona. Wakicheka, watakuwa wamecheka nawe, na siku wakienda ukweni kwao masika watavaa raba na kubeba viatu kwenye mfuko, jambo ambalo shemeji yako kwa masimulizi yake yote hajawahi kuwafundisha.

Msibani kisa chako kiruhusiwe tu ikiwa wafiwa wanakihitaji, na hilo utalijua kwa kuwatazama wao, usimtazame msimulizi. Kwenye ubatizo una haki ya kuomba kiahirishwe. Ama lile la nguruwe, likanushwe rasmi mbele ya wakwe wote, hata kama mengine yatabaki.